Wageni wa Arusi Wakija Mombasa, Tuwapeleke Wapi?

Mama msomaji, ikiwa umewahi kuoza binti, unajua kwamba kazi kubwa si siku yenyewe ya arusi. Kazi ni zile siku mbili tatu za mbele yake, wakati nyumba imejaa watu, masufuria yako uani, cherehani inalia chumbani, na wageni waliotoka mbali wamekaa kwenye viti vya kukodi wakiangaliana. Sisi jambo hili tulijifunza kwa aibu.

Mwaka 2014 tulipomwoza binti yetu wa kwanza, wakwe walifika kwa basi alfajiri ya Alhamisi, na arusi ilikuwa Jumamosi. Tuliwapa chai na mahali pa kulala, kisha tukakimbilia shughuli zetu za keki, maua na mchele. Siku mbili nzima wageni wale walikaa uani petu. Wengine hawakuwa wameona bahari tangu wazaliwe, na bahari ilikuwa mwendo wa nusu saa tu, lakini hakuna aliyewapeleka. Ijumaa usiku neno dogo kuhusu sahani za pilau likageuka neno kubwa kuhusu mahari. Arusi ilifungwa na picha zikapigwa, ila ilipita miaka mitatu kabla mama wa upande ule hajakanyaga tena nyumbani kwetu. Hatusemi kwamba matembezi yangezuia yote hayo. Lakini mtu aliyekaa bure siku mbili katika nyumba ya watu huanza kuhesabu makosa.

Basi binti yetu wa pili alipochumbiwa na kijana wa Kericho, na arusi ikapangwa Desemba 2022, tulikaa mume na mke tukakubaliana kwamba safari hii wageni watatembezwa, hata kama pilau itachelewa. Dada zetu wa umoja wa akina mama kanisani wakasema, "Tuachieni jiko." Mungu awabariki.

Tulikuwa na sababu nyingine pia, na hatutaificha. Mama wa kijana hakuwa amependezwa na uchumba ule. Tulikuwa tumesikia kwamba alitaka mwanawe aoe karibu na nyumbani, asiende kuchukua msichana wa pwani asiyejua kukama ng'ombe. (Ni kweli, hajui.) Katika mikutano ya mahari alikuja mara moja tu, akakaa kimya, akanywa soda yake, akaenda zake.

Wageni wetu walikuja kwa treni. Tangu reli mpya ianze kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017, safari imekuwa rahisi kwa wazee, lakini tunakuonya mapema: Desemba tiketi huisha upesi. Pia kituo kiko Miritini, nje ya kisiwa, kwa hiyo tafuta gari la kuwapokea, wasianze kubishana na wenye teksi huku wamechoka.

Siku ya kwanza: Ngome na Mji wa Kale

Alhamisi tuliwapeleka Fort Jesus asubuhi, kabla jua halijawa kali. Watu wa milimani wasikutaniwe na joto la Desemba. Maji ya kunywa, kofia au kitambaa cha kichwa, na viatu vya chini ni lazima. Raia wa Kenya hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni wa nje, kwa hiyo kila mtu abebe kitambulisho.

Ngome hii Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waarabu wa Oman waliizingira tangu 1696, na ilipotekwa Desemba 1698 waliokuwa ndani walikuwa wamebaki wachache sana kwa njaa na maradhi. Wakati wa Waingereza iligeuzwa gereza hadi 1958, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mwaka 2011 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia. Mjomba mmoja wa bwana arusi alikuwa askari jela kabla ya kustaafu, naye hakujali Wareno hata kidogo. Alikwenda akipima kuta kwa macho, akatuambia kwamba gereza kama hili asingelala usingizi kwa hofu ya mtu kutoroka upande wa baharini. Alitueleza mambo ya jela mpaka tukasahau kiongozi wetu alikuwa anasema nini.

Kutoka ngomeni unaingia Mji wa Kale kwa miguu. Vichochoro ni vyembamba, milango ni ya kuchongwa, na mzee wa kahawa bado yupo na birika lake la shaba na makaa chini. Wafahamishe wageni wako kwamba mitaa hii ni makao ya watu, tena majirani zetu Waislamu, kwa hiyo wavae nguo za heshima na wasiwapige watu picha bila kuomba. Usiwapeleke Ijumaa mchana, wakati wa sala kuu.

Ukifika Marikiti, sokoni, shika mkoba vizuri kisha wape wageni nafasi. Harufu ya iliki, mdalasini na bizari peke yake inatosha kumfurahisha mama yeyote. Halafu uwapeleke Biashara Street kwenye leso. Hapa ndipo palipotuchelewesha zaidi. Mombasa, leso huuzwa mbili pamoja bila kukatwa, na kila moja ina jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa karibu na pindo. Shangazi mmoja wa Kericho alipenda rangi ya leso moja ya zambarau, akailipia haraka. Tulipomsomea jina lake, kumbe ilikuwa ya kumsuta mke mwenza! Alicheka mpaka akashika ukuta. Mwenye duka, mzee mwungwana, akambadilishia kwa nyingine yenye maneno ya shukrani. Wewe soma kabla ya kulipa, hasa ukinunua ya kumpa mkwe.

Tulimalizia kwenye zile pembe za Moi Avenue, kwa sababu mtu akirudi bara bila picha ya pembe hakuna atakayeamini kwamba alifika Mombasa. Si pembe za ndovu halisi. Hizi za aluminiamu ni za mwaka 1956, wakati wa ziara ya Princess Margaret. Dakika kumi zinatosha, na magari ni mengi.

Mama wa bwana arusi siku hiyo alitembea nasi bila kulalamika, lakini hakusema zaidi ya "asante" na "sawa". Usiku tulijiuliza kama tumekosea jambo.

Siku ya pili: ng'ambo ya daraja

Ijumaa tulivuka daraja la Nyali. Upande ule, karibu na maji, kuna mahali ambapo Wakristo wengi wa Mombasa wenyewe hawajawahi kufika, nasi tulikuwa tumeishi mjini miaka mingi kabla ya kupajua. Ni mnara wa ukumbusho wa mmisionari Johann Ludwig Krapf, na hapo ndipo alipozikwa mkewe, Rosine.

Krapf na Rosine walikuja Mombasa mwaka 1844 wakitokea Ethiopia na Unguja. Walikuwa wamekwisha kumzika mtoto mmoja huko Ethiopia, mtoto waliyempa jina lenye maana ya chozi. Walikuwa Mombasa muda mfupi tu homa ilipowapata wote wawili. Mwezi Julai Rosine alijifungua mtoto wa kike, na siku chache baadaye mama akafa, kisha mtoto naye akamfuata. Mume alikuwa mgonjwa mwenyewe, hawezi kusimama vizuri. Mama alikuwa ameomba azikwe bara, si kisiwani, ili kaburi lake liwakumbushe wapitao kilichowaleta hapa. Krapf aliandika kwa waliomtuma kwamba kaburi hilo lilikuwa alama ya kazi iliyoanza. Ni mwaka huo huo alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, alipokuwa ameshafariki.

Tuliwaeleza wageni hayo yote kwa ufupi, maana jua lilikuwa limepanda na vijana walitaka kwenda kuona viboko. Wengine wakarudi garini. Mama wa bwana arusi hakuondoka. Alisimama pale, mkoba mkononi, kisha akauliza, "Na huyo mtoto aliishi siku ngapi?"

Tukamwambia ni siku chache tu.

Akasema, "Mimi nimelea sita, lakini nimezaa wanane. Hawa wawili hakuna anayewauliza."

Mama msomaji, nasi tulimzika mtoto wetu wa kwanza mwaka 1988, akiwa na wiki tatu. Hata binti zetu hawapendi tulizungumze jambo hilo. Tukamweleza. Tulikaa watatu kwenye kivuli chembamba cha ukuta, akatusimulia juu ya mvua iliyonyesha Kericho usiku ule, barabara ya majani chai ilivyokuwa matope, na gari la hospitali ambalo halikufika. Yule wa pili alikuwa mkubwa kidogo, alikwisha kuita "mama". Alitutajia majina yao. Hatukuomba kwa sauti wala hatukuhubiriana. Vijana walipopiga honi, akajifuta uso kwa leso yake mpya, akasema, "Twendeni, watoto wasichomeke na jua."

Kutoka hapo ukirudi barabara kuu unapita Kengeleni, pale Frere Town, mji ulioanzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Kengele iliyoipa njia panda ile jina ilikuwa ikipigwa kuwaonya watu kwamba wawindaji wa watumwa wanakuja. Gari haliwezi kusimama muda mrefu kwa msongamano, lakini mwambie dereva aende polepole.

Kisha Haller Park, Bamburi. Ukiwa na watoto, au wakulima, anzia hapa. Zamani lilikuwa shimo la kuchimba mawe ya saruji, jeupe, halina hata jani. Mwaka 1971 Dkt. René Haller alianza kujaribu miti mbalimbali, na uliostawi zaidi ni mvinje. Shida ikawa majani yake makavu hayaozi, yanalala tu juu ya jiwe. Akaleta majongoo. Majongoo wakayala yale majani, kinyesi chao kikawa udongo, na juu ya udongo ule msitu ukaota. Mama yule wa Kericho, mkulima wa chai, alimshika mfanyakazi wa pale kwa maswali kama robo saa. Jongoo wa aina gani? Alihitajika mwingi kiasi gani? Akatuambia kwamba kwake huwa anawaponda kwa jembe.

Ni hapo hapo alipoletwa yule mtoto wa kiboko, Owen, aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akajishikiza kwa kobe mzee aitwaye Mzee kana kwamba ni mama yake. Watoto wetu walikuwa wamesoma habari zao vitabuni. Kulisha twiga kwa mkono nako kulitutoa kelele nyingi, hasa kwa mjomba askari jela.

Jioni tuliingia ufuo wa watu wote wa Jomo Kenyatta, Bamburi. Hakuna kiingilio. Desemba hujaa watu, ngamia na maboya ya mipira ya gari, kwa hiyo weka kijana mmoja mwenye akili awahesabu watoto kila mara, na asiye mwogeleaji asipite maji ya magoti. Uliza mapema saa za maji kujaa na kupwa. Ukifika maji yakiwa yametoka sana, wageni wataona mawe na mwani tu, na kusikitika.

Mama alivua viatu, akakunja sketi, akaingia mpaka vifundoni akiwa ameshika mkono wa binti yetu. Tuliwaona wanazungumza. Hatukuuliza walizungumza nini, na hadi leo hatujui.

Jumapili baada ya ibada hatukuwa na nguvu wala pesa, tukaenda Mama Ngina, ile bustani ya ufukweni iliyotengenezwa upya na kufunguliwa Oktoba 2019. Unakaa chini ya mibuyu, unakula muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, unakunywa dafu, na meli kubwa zinapita karibu sana zikielekea Kilindini. Ukitaka, unateremka mpaka Likoni kupanda feri. Mtu wa miguu halipi chochote, unavuka na kurudi. Kwa wageni wetu feri ile ilishinda hata ngome, na ilikuwa bure.

Na arusi? Ilikwenda vizuri. Pilau ilichelewa saa moja na nusu, kama tulivyotabiri. Wali wa meza ya tatu ulikuwa na mawe mawili matatu, na hakuna aliyeleta neno.

Jumatatu tuliwasindikiza Miritini. Mizigo ilipokaguliwa, katika mkoba wa mama yule ilionekana chupa ya maji ya nusu lita, imefungwa kwa mfuko mara mbili. Askari akamwuliza ni kitu gani. Akamjibu kwamba ni bahari, anawapelekea wajukuu waionje, kwa sababu alipowaambia kwa simu kwamba ina chumvi hawakumwamini. Askari akacheka, akamrudishia.