Matundu Niliyotoboa Mwenyewe

Niliharibu pochi ya wifi yangu. Vifaa nilikuwa navyo, na maelekezo nilipewa. Sikusikia.

Nashona nguo kwa cherehani hapa Same, mwaka wa 11 sasa. Kwenye kitambaa mshono mzuri ni wa karibukaribu, milimita 2 hivi, na ukikosea unafumua, unapiga pasi, tundu linapotea. Kwa hiyo nilipoazima msharasi kwa mzee fundi viatu wa stendi, naye akasema, "Mwanangu, acha nafasi, hii si kanga," nilimwitikia "Sawa, baba," huku nikijiambia kwamba wao hushona kwa nafasi kwa sababu kiatu hakitazamwi kwa karibu.

Nilishona jioni nne: ngozi ya mbuzi, uzi mmoja uliopakwa nta, sindano mbili zikipishana kila tundu. Mshono huo unashinda wa cherehani, maana uzi ukikatika upande mmoja, wa pili unashika. Niliupenda mno. Nikatoboa kila milimita 2, nikakaza. Kama nawe umezoea kitambaa, mkono wako utakuvuta kulekule.

Wifi anakaa Suji, mlimani juu ya Makanya. Ni Msabato, kama wengi wa huko tangu wamisionari wa kanisa hilo walipofika Upare mwaka 1903. Jumamosi alitia Biblia na kitabu cha nyimbo kwenye pochi, tukashika njia ya kanisani. Penye mteremko akaihamishia kwapani. Nikasikia mchaniko mdogo, kama wa stempu. Biblia ikaanguka vumbini.

Niliiokota pochi, nikautazama mshono. Uzi ulikuwa mzima. Hakuna fundo lililolegea. Kilichokatika ni ngozi, tundu hadi tundu, kwa kufuata mstari wangu. Kila tundu nililoongeza ili pochi iwe imara lilikuwa limepunguza ngozi ya kuushikilia uzi. Nilisimama pale njiani nikiyahesabu. Nilifika 40, nikaacha.

Wala hapakuwa na cha kufumua, kwa kuwa ngozi ikishatobolewa haijifungi. Ningekata ukingo wote, Biblia isingeenea tena. Ngozi ya shilingi 30,000 ikawa imekwenda. Wifi hakusema neno. Alifunga vitabu vyake kwenye kitenge, tukaendelea.

Jumatatu nilimpelekea mzee msharasi wake pamoja na ile pochi. Aliigeuza, akachukua kipande chakavu, akatoboa matundu mawili, akanipa rula. Milimita 4.

Nikamwomba nikae na msharasi wiki nyingine.