Kinga Iko Wapi?

Jamani, nimerudi Mwanza juzi usiku, kucha zimejaa grisi na mgongo unauma. Wenzangu wa chumba cha habari walidhani nimekwenda kula bata. Wapi! Siku kumi za likizo nilikuwa kwetu Chonyonyo, Karagwe, nikifufua mashine ya kuranda mbao.

Niliinunua hapa Mwanza, imeshatumika, kwa fundi aliyekuwa anafunga karakana. Chuma kizito cha kumimina, meza mbili zilizoota kutu, na katikati yake silinda yenye visu vitatu. Ilikuwa zawadi ya baba mdogo. Huyu ndiye seremala aliyenilipia ada ya sekondari kwa vitanda na madawati. Alijifunza kazi mjini ujanani, kwenye mashine ya namna hiyo hiyo, akarudi nyumbani na vidole nane. Tangu hapo ameranda kwa mkono.

Mashine ikapakiwa kwenye lori, ikavuka daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, ikapita Geita na Biharamulo hadi Karagwe. Mimi nilitangulia kwa basi kuisubiri, najiona mjanja kweli kweli.

Ilipofika, baba mdogo aliizunguka mara mbili kimya. Kisha akaingiza kidole kwenye tundu moja la bolti lililokuwa wazi.

"Mwanangu, kinga yake iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilibishana bei, nikauliza mota, nikauliza beringi. Kinga ya visu sikuiuliza. Mimi, ninayelipwa mshahara kwa kuuliza maswali!

Tukaanza kazi. Kutu tuliitoa kwa mafuta ya taa na msasa. Beringi tukabadilisha. Mota ilikuwa ya umeme wa njia tatu, nyumbani tuna njia moja, ikabidi tutafute nyingine. Kilichotula muda ni visu. Meza ya nyuma lazima iwe sawa kabisa na ncha ya kisu kinapofika juu. Ya mbele inashushwa kidogo, kiasi cha unene unaotaka kuondoa. Visu vikizidi, mwisho wa ubao unachimbika. Vikipungua, ubao unagota kwenye ukingo wa meza. Baba mdogo aliweka kijiti kilichonyooka juu ya meza, akazungusha silinda kwa mkono, akasikiliza. Kisu kikigusa kijiti kidogo tu, anatikisa kichwa kukubali. Saa tatu nzima kwa visu vitatu.

Siku ya saba kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kinga. Shule moja ilikuwa inasubiri madawati 40. Mwanawe akasema, "Baba, tuanze tu, kinga tutaiweka baadaye." Nami nikaunga mkono, nikiwaza likizo yangu inayoisha.

Baba mdogo akainua mkono wa kushoto. "Na mimi niliambiwa baadaye."

Tukanyamaza wote.

Nimesoma kidogo habari za mashine hizi. Za zamani zilikuwa na kichwa cha pembe nne, chenye pengo kubwa la kumeza mkono. Mwanzoni mwa karne ya 20 viwanda vya Ulaya vikaanza kuhamia kichwa cha mviringo, chenye pengo dogo. Kinapunguza madhara, lakini kisu ni kisu, na kinazunguka mara elfu kadhaa kwa dakika. Sisi nasi tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Nimeitaja gazetini mara nyingi, chini ya habari za mistari mitatu: fundi kakatwa vidole, kakimbizwa hospitali, basi. Kesho yake nimehamia habari nyingine. Sikuwahi kurudi kumuuliza yeyote kati yao kama mashine ilikuwa na kinga.

Kinga tulimpelekea fundi wa kuchomelea Omurushaka: bati nene, springi, bolti moja. Inafunika visu, ubao unaisukuma ukipita, kisha inarudi yenyewe. Ilichukua siku mbili. Madawati yalichelewa, mwalimu mkuu akanuna, likizo yangu ikaisha kabla sijaisikia mashine ikiunguruma.

Jana wamenitumia picha. Mbao mbili za mkaratusi zimesimamishwa ubavu kwa ubavu dhidi ya jua, na hakuna mwanga unaopenya katikati. Mwanawe ndiye kazishika. Nimevikuza vidole vyake kwenye simu, nikavihesabu. Kumi.

Wewe mwenye karakana karibu na kwako, unapokwenda kuagiza kabati, hebu chungulia ile mashine. Kisha uliza swali ambalo mimi nilisahau. Fundi akikujibu "baadaye", utamwambiaje?