Indianapolis: Uwanja ulioonja talaka

Kama unadhani talaka huvunja nyumba tu, fika Indianapolis, Marekani. Uwanja wake wa mbio za magari, uliojengwa mwaka 1909, ni mkubwa ile mbaya: mzunguko mmoja ni kama kilomita 4. Kwenye mstari wa kumalizia kuna kipande cha matofali ya zamani. Washindi hupiga magoti wakayabusu!

Lakini hapa paliwahi kuwaka moto. Mwaka 1996 Tony George, ambaye familia yake ndiyo iliyomiliki uwanja, alianza mashindano yake, IRL. Timu kubwa za CART zikasusa. Siku ileile ya Indy 500 zikaandaa mbio zao Michigan. Basi ikawa minong'ono gereji kwa gereji: timu gani inarudi, mdhamini gani anakimbia? Mashabiki nao wakachoka, wengi wakahamia NASCAR.

Mwaka 2000 timu ya Chip Ganassi ikarudi, dereva wake Juan Pablo Montoya akashinda. CART ikafilisika, waliobaki wakaendelea kwa jina la Champ Car, na 2008 ndipo pande mbili zikaungana. Na ajabu ni hii: mwaka 2020 uwanja na mashindano vikawa mali ya Roger Penske, mmoja wa waanzilishi wa CART ileile!

Ukisimama kwenye yale matofali utajiuliza: miaka 12 ya kununiana ilimfaidi nani? Na nyumbani kwako je, mmenuniana siku ya ngapi leo?