Tulipompeleka Mama London

Habari zilipoenea Bulla Pesa kwamba tunakwenda London kwa likizo, majirani waliuliza swali moja tu: mgonjwa ni nani? Kwetu Isiolo mtu hupanda ndege kwa sababu tatu, ama kuhiji, ama kutibiwa, ama kutafuta kazi na asirudi upesi. Kusafiri mbali namna hiyo ili kutembea na kutazama majumba, kisha urudi mzima na mfuko mtupu, ni jambo ambalo mzee mmoja pale sokoni alilitafakari kitambo huku akitafuna miraa yake. Mwishowe akaniambia, "Mwalimu, hata hapa Isiolo majumba yapo."

Sikumlaumu. Tulikuwa tumejinyima kwa miaka mitatu, mume wangu akauza ngamia wawili, na dada yangu ambaye ni muuguzi huko London akatoa nauli ya mama. Tulikuwa watano: mimi na mume wangu, binti yetu wa miaka 12, kijana wetu wa miaka minane, na mama yangu aliyekuwa na miaka 74. Ilikuwa likizo ya Agosti 2023.

Watoto walitaka kuona daraja linalofunguka na mabasi mekundu ya ghorofa. Mume wangu alitaka kuona uwanja wa mpira. Mama alikuwa na sharti lake. "Nitakwenda," alisema, "lakini mnipeleke mahali walipomwandika ndugu ya babu."

Hapa, mpenzi msomaji, sina budi kukueleza jambo ambalo huenda hukulisoma shuleni. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliwaruhusu askari wa Kisomali waliowatumikia, wengi wao Waisaaq na Waherti kutoka Somalia ya Waingereza, wakae Isiolo na kuchunga mifugo yao huko. Babu yake mama alikuwa mmoja wao. Aliingia katika jeshi la KAR, lile ambalo wazee huliita keya, pamoja na ndugu yake mdogo. Wakapelekwa kusini kupigana na Wajerumani katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Vita hivyo vilianza Agosti 1914 na havikwisha mpaka Jenerali von Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya mizinga ya Ulaya kunyamaza. Babu alirudi. Mdogo wake hakurudi, wala hakuna aliyewahi kuambiwa amezikwa wapi.

Sasa Msomali huhesabu watu kwa majina. Mtoto wetu kabla hajajua kusoma hufundishwa abtirsi, yaani orodha ya jina lake, la baba yake, la babu yake, na kuendelea hadi kizazi cha kumi na zaidi. Kijana wangu huitaja bila kupumua. Lakini orodha hiyo hupita kwa waliozaa. Ndugu yake babu alikufa kijana, hakuacha mtoto, na kwa hiyo hamo katika abtirsi ya mtu yeyote duniani. Hilo ndilo lililomkera mama maisha yake yote. Alikuwa akisema, "Kama sisi hatumhesabu, basi wale waliomchukua watakuwa wamemwandika. Wazungu huandika kila kitu."

Kwanza ilibidi apate pasipoti. Wewe unayeishi jijini huenda hujui maana ya sisi wa kaskazini kwenda kuomba karatasi serikalini. Mwaka 1989 Wasomali wote wa Kenya waliotimiza umri wa miaka 18 walihojiwa upya wathibitishe uraia wao, na mama bado anayo ile kadi ya rangi ya waridi aliyopewa. Uchunguzi wa ziada kwa wanaoomba vitambulisho uliendelea kwa miaka mingi baadaye, hadi Rais William Ruto alipotangaza Februari 2025 kwamba umekomeshwa. Sisi tulisafiri kabla ya hapo. Katika ofisi moja mama aliulizwa babu yake alitoka wapi na ana ushahidi gani. Akafungua fundo la mtandio wake, akaweka mezani nishani ya babu.

Ni kipande cha fedha chenye kichwa cha Mfalme George wa Tano upande mmoja, na upande wa pili mpanda farasi na miaka 1914 na 1918. Ukingoni limechongwa jina la babu na namba yake ya jeshi. Karani aliyeliandika alilisikia kwa masikio ya Kizungu, maana limepinda, lakini ukilisoma kwa sauti unamtambua mwenyewe. Yule kijana wa ofisini aliigeuzageuza, akauliza kama ni fedha kweli. Halafu akasema hiyo si karatasi. Tulirudi mara tatu. Ilipofika zamu ya viza, mashine nayo ikashindwa kusoma vidole vya mama, vilivyosuguliwa na miaka ya kukamua na kuchota maji. Alivipaka mafuta usiku kucha, kesho yake vikasomeka.

Basi tukafika. Dada yangu anakaa Whitechapel, mashariki ya jiji, na jambo la kwanza lililowashangaza watoto ni kwamba jina la stesheni pale limeandikwa pia kwa Kibangla, kwa sababu ya wingi wa watu wa Bangladesh katika mtaa huo. Msikiti mkubwa upo barabarani, adhana husikika, na sambusa zipo kila kona. "Hii ndiyo Ulaya?" kijana wangu akauliza kwa masikitiko. Mama yeye alisumbuliwa na jua, kwani Agosti huko linatua baada ya saa mbili usiku. Kila jioni aliketi dirishani na tasbihi yake akilisubiri Maghribi kama anayemsubiri mgeni mkaidi.

Kwa wanaofikiria safari kama hiyo, niseme mawili matatu upesi. Majumba makubwa ya makumbusho ya taifa hayatozi kiingilio. Basi halipokei pesa taslimu, na mtoto wa chini ya miaka 11 hapandi kwa nauli. Miguu ndiyo itakayokugharimu. Siku ya tatu mume wangu alikuwa akitembea kama ngamia aliyechomwa na mwiba.

Tuliona mengi, nami sitayaeleza yote. Daraja halikufunguka siku tuliyokwenda, na binti yangu hajalisamehe mpaka leo. Katika uwanja wa Trafalgar wapo simba wanne wa shaba, waliowekwa mwaka 1867, na watalii hupanga foleni kupigwa picha nao. Mama aliwazunguka akiwa ameweka mikono nyuma, kama mnunuzi mnadani. "Simba halali hivi," akasema. "Huyu ni mbwa aliyefugwa nywele." Baadaye nilisoma kwamba mchoraji aliyewabuni, Edwin Landseer, sifa yake kubwa ilikuwa kuchora mbwa.

Lakini katika uwanja huo huo tulikutana na mtu ambaye hatukumtarajia. Juu ya jukwaa moja la mawe, ambapo sanamu huwekwa kwa zamu, alisimama Mwafrika mwenye urefu wa mita tano, amevaa kofia pana. Alikuwa John Chilembwe, mchungaji wa Malawi, kazi ya msanii Samson Kambalu. Kando yake alisimama Mzungu mmoja, mdogo, akifika kama kiunoni mwake. Kofia ile ndiyo habari yenyewe, kwani katika ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuvaa kofia mbele ya Mzungu. Mwaka 1914 Chilembwe aliandika gazetini kulalamika kwamba watu wake wanaitwa kufa katika vita visivyowahusu. Januari 1915 aliongoza maasi, na Februari akauawa. Mama alinisikiliza nikiwafafanulia watoto, kisha akauliza ni akina nani waliotumwa kumzima. Nikamwambia walikuwemo askari wa KAR. Akanyamaza kwa muda mrefu. "Wetu hawakuwa upande huo," akasema hatimaye, nami nikakubali, ingawa niliona kwamba swali lilikuwa limemwingia. Sanamu hiyo iliondolewa Septemba 2024, zamu yake ilipokwisha. Ninashukuru kwamba tuliiwahi.

Siku iliyofuata tulikwenda Westminster Abbey, kanisa ambalo wafalme wa Uingereza hutawazwa. Kiingilio chake ni cha kuumiza moyo. Nilidhani mama atabaki nje kwa kuwa ni kanisa, lakini alijifunga mtandio vizuri akasema, "Nimekuja kutazama, sikuja kusali." Humo wamezikwa watu zaidi ya 3,000, na majina yao yametapakaa ukutani na sakafuni hata huna pa kukanyaga. Mama hasomi Kiingereza, kwa hiyo binti yangu alimsomea moja baada ya jingine. Huyu mfalme, huyu mwanasayansi, huyu mshairi. Kila mara mama alitikisa kichwa na kusonga mbele.

Katikati tukakuta jiwe la David Livingstone. Maandishi yake yanasema kwamba aliletwa hapo na mikono ya waaminifu. "Mikono ya nani?" binti yangu akauliza, na hapo ualimu ukanipanda. Niliwaambia habari za Abdullah Susi na James Chuma, ambao Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi iitwayo leo Zambia waliukausha mwili wake, wakaubeba pamoja na wenzao kwa zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo. Jacob Wainwright, mmoja wa kundi hilo, aliwahi mazishi hapa Aprili 1874. Susi na Chuma waliletwa Uingereza mazishi yakiwa yamekwisha. Juu ya jiwe hamna jina la hata mmoja wao. Imo mikono tu.

Karibu na mlango mkubwa lipo kaburi jingine, jiwe jeusi lililozungushiwa maua mekundu. Hilo halikanyagwi na mtu yeyote, hata mfalme hupita kando. Ni la askari asiyejulikana, aliyefukuliwa katika uwanja wa vita huko Ufaransa na kuzikwa hapo tarehe 11 Novemba 1920 kwa heshima zote. Nilipomweleza mama, alisimama akaliangalia mpaka mlinzi akatusogeza ili wengine wapite.

"Huyu hawakumjua jina, wakamlaza na wafalme," alisema. "Sisi wetu tunalijua jina, na hawakumlaza popote."

Sikuwa na la kumjibu. Kusema kweli nilikuwa nalijua jibu kabla ya safari, kwa maana nilikuwa nimesoma. Aprili 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba wafu wasiopungua 116,000 wa vita vile, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wakubwa wa wakati ule waliona kwamba kwa Mwafrika mnara mmoja wa wote unatosha. Ndiyo maana Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam zina sanamu za askari wa shaba zisizo na jina la askari hata mmoja. Na wachukuzi ndio usiseme. Wewe unayenunua vikapu Kariokor jijini Nairobi, jina hilo limetokana na kikosi chao, na Waingereza wenyewe walikadiria kwamba wachukuzi wapatao 95,000 walikufa. Sikumficha mama haya yote kwa ubaya. Niliona ni heri aje aone mwenyewe kuliko kuambiwa na bintiye jikoni.

Jioni ile dada yangu alipotoka kazini, alitupeleka kwenye barabara ya Constitution Hill, karibu na kasri la mfalme. Hapo pana nguzo nne za mawe zilizozinduliwa na Malkia Elizabeth mwezi Novemba 2002, kwa ajili ya waliopigana vita viwili vikuu kutoka Bara Hindi, Afrika na Karibi. Kando yake pana kibanda cha mawe chenye majina ya waliopata nishani za juu kabisa za ushujaa. Juu ya nguzo yameandikwa majina ya nchi. Binti yangu akasoma: India, Pakistan, Bangladesh, Sri Lanka. Akazunguka upande wa pili. Afrika.

"Afrika tu?" mama akauliza.

"Afrika tu, Ayeyo."

Magari yalikuwa yakipita kwa wingi, na vijana wawili walikuwa wakila vibanzi chini ya nguzo. Mama alifungua fundo la mtandio, akaitoa nishani ya babu, akamkabidhi kijana wangu aishike. Akamwamuru ataje abtirsi yake. Mtoto akaanza, mbio mbio kama kawaida. Alipomaliza, mama akamwambia upande wangu mimi pia upo, akamtajia majina ya upande huo polepole hadi kwa babu, kisha akaongeza jina la ndugu yake mdogo. Akawaambia watoto wote wawili walirudie mara tatu. Mara ya tatu sisi wakubwa nasi tulikuwa tukilitaja. Mama hataki niliandike gazetini kabla halijaandikwa linakostahili kuandikwa, nami namtii.

Wale vijana wa vibanzi walitutazama, mmoja akauliza kama tunapiga video. Dada yangu akawajibu hapana, tunasalimiana na mtu.

Mama alifunga fundo lake tena, akalikaza kwa meno. Akauliza kama kuna chai ya maziwa karibu, kwa kuwa ile ya mchana ilikuwa maji matupu, na jua, akasema, bado lingali juu.