Chakula Rahisi cha Kuku Kilivyotutia Hasara

Sisi ni vijana wanane wa Nakivale, huku Uganda. Sita ni Wakongo, wawili Warundi. Tunafuga kuku wa nyama, wale weupe ambao wengi wanawaita broila. Tangu chakula cha msaada kipunguzwe, kila mtu hapa anatafuta kitu cha kufanya, na tunasikia wengi wanataka kuingia kwenye kuku. Ndiyo maana tunawaandikia hesabu zetu zote, hata zile za aibu. Pesa zote humu ni shilingi za Uganda.

Mara ya kwanza mradi mmoja ulitupa vifaranga 100 na gunia moja la chakula cha dukani, kilo 50. Wakatupiga picha, wakaenda. Gunia likaisha kabla ya wiki mbili. Tukauliza bei ya lingine Mbarara: 125,000. Yaani 2,500 kwa kilo! Pumba za mahindi hapa kambini zilikuwa 900 kwa kilo. Tukasema, kuku ni kuku, atakula tu. Tukachanganya pumba na mukene kidogo, wale dagaa wadogo wa ziwani, kilo moja ikatoka kama 1,100. Tulijiona wajanja sana.

Kuku walikula kweli. Walikula mpaka tukashangaa, lakini hawakui. Wiki ya sita, wakati wenzetu wa mjini wanauza, wetu walikuwa na miguu mirefu na kifua kama kisu. Tukangoja hadi wiki ya tisa. Walibaki 84, wastani kilo 1.3, tukawauza 11,000 kila mmoja. Jumla 924,000. Pumba na mukene vilikula 440,000, na makaa, dawa, maranda na usafiri 190,000. Tukabaki na 294,000 mkononi. Tukafurahi, tukagawana 20,000 kila mtu, soda zikanywewa.

Aliyetuharibia furaha ni dada mmoja wa kundi anayeshika daftari. Aliuliza: je, kama vifaranga tungenunua wenyewe? Kifaranga ni 3,000, kwa hiyo 300,000. Gunia la bure nalo ni 125,000. Ukitoa hizo, hatukupata faida, tulipata hasara ya 131,000. Kumbe tulikuwa tumegawana mtaji tukidhani ni faida. Zawadi ya mradi ilifunika hasara yetu, na kwenye ripoti yao nadhani bado tunaonekana kundi lililofaulu.

Dada huyo akatufundisha kuacha kuangalia bei ya kilo ya chakula, tuangalie kilo moja ya kuku imetugharimu chakula cha pesa ngapi. Tulipiga hesabu: kuku wetu wa pumba walikula kilo 450 kutoa kilo 109 za nyama hai. Kilo nne kwa kilo moja! Chakula peke yake kilikuwa karibu 5,200 kwa kila kilo ya kuku.

Mara ya pili hatukupewa kitu. Tulikopa laki tisa kwenye kikundi cha akiba, na mama mmoja akatudhamini kwa cherehani yake. Ndiyo kazi yake yote, ile cherehani. Usiku wengine hatukulala. Tukanunua chakula cha dukani mwanzo mpaka mwisho. Siku ya 38 walikuwa wamekula magunia sita na nusu, kuku 95, wastani kilo 1.9. Hapo chakula cha ghali kilitugharimu 4,500 kwa kilo ya kuku, pungufu ya zile pumba, tena bila zile wiki tatu za zaidi za kununua makaa na kulala bandani.

Kwa bei ya 15,000 tungebaki na 142,500. Lakini siku hiyo tuliuza 60 tu. Mtu wa hoteli aliyeahidi kuchukua waliobaki akaacha kupokea simu. Kuku 35 wakakaa siku nane. Kuku wa umri huo anakula karibu gramu 170 kwa siku, kwa hiyo wakamaliza gunia zima jingine. Na walipokuja wanunuzi, bei ikawa ile ile 15,000, kwa sababu huku kwetu hakuna mizani. Mtu anamnyanyua kuku kwa mkono, anasema bei. Ule unene wa siku nane hakuna aliyetulipa. Tukabaki na 17,500 kwa watu wanane, na riba ya mkopo tukaitoa mifukoni. Cherehani ilibaki kwa mwenyewe, Mungu ni mwema.

Mara ya tatu tulichanganya njia mbili. Siku 21 za kwanza chakula cha dukani, magunia mawili, hapo hatubani tena, maana kifaranga ndiye anahitaji protini nyingi na akidumaa hakuna wiki itakayomrudisha. Baada ya hapo tukatengeneza wenyewe. Katika kilo 100: mahindi ya kusaga 60, soya 20, mukene 9, pumba 8, na 3 zilizobaki ni unga wa mifupa na premiksi. Ikatoka 1,900 kwa kilo.

Soya lazima ikaangwe. Ikiwa mbichi inamzuia kuku kutumia protini, na sisi tulijua baada ya kuharibu debe zima. Mukene wa kuanikwa chini wanakuja na mchanga. Tia kiganja kimoja ndani ya maji uone kinachobaki chini, huo mchanga umeulipia kama samaki. Mahindi yenye ukungu tuliyakataa hata kwa nusu bei, kwa sababu ya sumukuvu.

Na safari hii tulitafuta wanunuzi kabla ya kuku kukua, tukaanza kuuza siku ya 36 kidogo kidogo, siku ya 40 banda likawa tupu. Kuku 94, wastani kilo 1.8. Chakula kilikuwa kama 3,950 kwa kilo ya kuku, na faida 272,000. Hiyo ni ya kweli, vifaranga tumenunua wenyewe.

Kuna jambo bado linatusumbua. Mahindi, soya na mukene ndivyo vyakula vya watoto wetu pia. Jirani akituona tunasaga kilo 60 za mahindi ya kuku anatuangalia, na sisi tunaangalia chini. Hatuna jibu zuri. Kila kundi la kuku tunampelekea kuku mmoja, lakini tunajua hilo si jibu.

Ndugu zetu wa mashirika, mkitaka kusaidia kundi, badala ya vifaranga 100 na gunia moja, leteni vifaranga 40 na chakula chao cha kuwafikisha sokoni. Na mizani. Mizani tuliazima kwa muuza nyama, na mara nyingi anatukatalia.

Kundi la nne lina siku 22 leo. Soya imepanda tena, na wawili kati yetu wanataka turudishe pumba kidogo. Leo asubuhi tumepima kuku kumi, kesho jioni tunakaa na daftari tuamue.