Mabati Kumi na Mawili

Mei 2024 ziwa lilipopanda, maji hayakuingia ndani ya nyumba tunayopanga hapa Guta. Yaliingia chooni, kwa chini. Shimo lilijaa hata siku ambazo mvua haikunyesha, na wiki hiyo hiyo upepo ukang'oa mabati ya vyumba vya nyuma. Mwisho wa mwezi mama mwenye nyumba akapita mlango kwa mlango: kila chumba shilingi 45,000, "mchango wa matengenezo". Kodi yangu ni 30,000.

Niliomba kuona hesabu. Akanipa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule: mabati kumi na mawili, misumari, mbao, fundi, choo. Nikatoka uani, nikahesabu mabati mapya juu ya paa. Saba.

"Mengine yako wapi, mama?"

"Hayo ni akiba, mwanangu. Upepo hautoi taarifa."

Jibu zuri. Lakini akiba ya nani?

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inasema anayepangisha sehemu tu ya jengo ndiye wa kutunza paa, kuta za nje na mifereji mikuu, isipokuwa mkataba useme vingine. Sisi hatukuwa na mkataba wa maandishi wa kusema lolote. Nilimsomea kifungu hicho jirani yangu anayeanika dagaa. Alisikiliza hadi mwisho, akageuza dagaa wake, akauliza, "Na akinitoa, hicho kifungu kitanipa chumba?" Jioni akalipa. Ana watoto watatu. Sikuwa na la kumjibu.

Kilichonikera zaidi ni LUKU. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa tunaponunua umeme, na mwaka 2023 ilipanda kutoka 12,000 hadi 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida. Jengo ni lake, umeme tunanunua sisi. Nilipomwambia aipunguze kwenye huo mchango, alicheka kwa mara ya kwanza: "Hiyo kamuulize Serikali."

Nilikwenda kwa mwenyekiti. Baraza la kata lingeweza kutusuluhisha tu. Tangu 2021 haliamui tena migogoro ya ardhi, na Baraza la Ardhi na Nyumba ni nauli na siku za kazi zinazopotea. Mwenyekiti alitukalisha chini ya mwembe. Paa, akasema, ni la mwenye nyumba. Choo, ambacho mama alisisitiza kuwa si yeye aliyelileta ziwa, kichimbwe upya juu zaidi na kila chumba kitoe 10,000. Hapo sikubishana. Ziwa kweli si lake.

Zile 35,000 alizozidisha jirani yangu zinakatwa kwenye kodi yake, 5,000 kila mwezi. Kila tarehe moja anakuja na daftari nimhesabie zimebaki ngapi.