Gitaa Lililokataa Kulia

Likizo ya Agosti mwaka jana nalikwenda kwetu Nchelenge, ufukoni mwa Ziwa Mweru. Nilimkuta shangazi yangu amekuja kututazama kutoka Kilwa ya Kongo, iliyo ng'ambo ya ziwa. Siyo Kisiwa cha Kilwa kilicho upande wetu wa Zambia, wala si Kilwa ya Pwani. Marehemu mumewe alikuwa mpiga gitaa, nami nilikuwa nimeihamisha kanda yake ya zamani katika kompyuta yangu. Shangazi aliomba kuisikia usiku ule ule, kwa kuwa mashua yake ingeondoka alfajiri.

Kompyuta yangu hutumia Linux, na muziki naupiga kwa programu iitwayo Audacious. Niliifungua, dakika zikahesabika, lakini sauti haikutoka. Nalitahayari sana. Pasipo kufikiri, niliifuta programu nikaiweka upya, kimya. Nikafanya hivyo mara ya pili, mpaka salio langu la intaneti likaisha.

Shangazi akasema, "Acha, mwanangu. Labda mwenyewe hataki kusikiwa tena."

Neno hilo lilinichoma, nikaona heri nitulie. Kwanza nilifungua sinema kwa programu nyingine, nayo ikasikika. Kumbe spika ni nzima. Kisha nikakumbuka kwamba katika Linux, kuifuta programu hakufuti mipangilio ya mtumiaji. Hiyo hubaki katika folda yake, mahali palipofichwa, penye jina linaloanza kwa nukta. Nikaifunga programu, nikabonyeza Ctrl na H, na vilivyofichika vikaonekana. Ndani ya .config nikaiona folda ya audacious. Sikuifuta, niliibadili jina tu. Nilipofungua programu tena, ikajiandikia mipangilio mipya.

Gitaa likalia! Shangazi alisikiliza kimya, kisha akacheka: "Hapo amekosea. Kila siku alikosea papo hapo." Akaniomba nirudie pale pale penye kosa, mara tatu.

Baadaye nilisoma mipangilio ile ya zamani. Kosa lilikuwa langu. Shuleni niliwahi kuunganisha kompyuta na televisheni kwa waya wa HDMI, nikaiagiza sauti ipite huko, nisiirudishe.

Basi, ndugu wanafunzi, mara mbili nilianza upya, na mara mbili kosa langu lilikuwa likiningoja nyumbani. Tulitafute kwanza tulipoliweka wenyewe.